Ndoo ya Thelathini na Moja

Jumanne adhuhuri Philomène Vergnolle alipanda kigoda, akashusha kopo la bluu kutoka juu ya kabati, na kabla hajafungua kifuniko mkono wake ulishajua. Kopo lilikuwa jepesi. Akalifungua, akatazama ndani, akalifunga, akalifungua tena, kana kwamba sukari ingeona haya na kurudi.

"Kilo mbili na nusu," alisema. "Miezi saba."

Mezani walikuwa wawili. Mumewe, Léonce, alikuwa akila supu yake ya kabichi kabla ya kwenda zamu ya mchana kule bwawani. Mama mkwe wake, Mélanie, kizee wa miaka themanini na moja mwenye sikio moja zima, alikuwa akilowanisha mkate.

"Mama, wewe umeigusa sukari ya Aubin?"

"Nani kaleta sukari?" kizee akauliza, uso ukachangamka.

"Hakuna aliyeleta! Imeibwa!"

"Basi kwa nini unaniambia? Nimekunywa kahawa ya shayiri, chungu, tangu Machi, nikadhani leo ni sikukuu."

Aubin alikuwa mtoto wao wa pekee, mateka wa vita huko Ujerumani, mwaka wa nne sasa. Mara mbili kwa mwaka lori la kamati lilipita kijijini Roche-Basse kuchukua vifurushi vya mateka, na safari hii lilikuwa lije Ijumaa. Soksi zilikuwa tayari, tumbaku tayari, kipande cha nyama ya nguruwe iliyokaushwa kilikuwa kimefungwa kwenye kitambaa. Sukari ndiyo ilikuwa roho ya kifurushi. Philomène aliikusanya kijiko kwa kijiko kutoka kwenye mgao wa watu watatu. Wakati huo ukiwa nayo mfukoni ulikuwa mtu.

Ngazini zilisikika hatua. Encarna, mpangaji wa chumba cha juu, alikuwa akishuka na kikapu cha nguo. Alikuwa Mhispania, mkimbizi wa vita ya kwao, mwanamke wa miaka thelathini aliyefua nguo za wafanyakazi wa bwawa. Mumewe, Fermín, alikuwa kwenye kikosi cha wafanyakazi wa kigeni na alilala kambini pamoja na wenzake. Walionana Jumapili tu.

"Wewe, hebu njoo hapa," Philomène akamwita. Akaelekeza mdomo wa kopo kwake. "Unaona nini humu?"

Encarna alitazama kopo. Kisha akamtazama Léonce, akamtazama kwa muda ambao mtu angeweza kuhesabu mpaka tano, halafu akaangalia viatu vyake vya mbao.

"Sikuchukua mimi, bibi."

"Nani basi? Panya? Panya gani anafungua kifuniko na kukirudisha?"

"Sikuchukua mimi."

"Kama si wewe, utamjua ni nani. Unashinda humu ndani tukienda kanisani. Sema!"

"Siwezi kusema."

"Umesikia? Hawezi kusema!" Philomène alimgeukia mumewe. "Léonce! Wewe ndiye mwenye nyumba. Sema neno."

Léonce alifuta bakuli kwa mkate mpaka likang'aa. "Nitachelewa zamu," alisema. Akachukua kofia yake, akatoka.

*

Njia kutoka kijijini kwenda bwawani hupanda kando ya mto Dordogne kwa dakika ishirini. Siku hiyo Léonce aliipanda kwa nusu saa.

Ukuta ule ulianza kabla ya vita, wakati wa ahadi za umeme kwa kila zizi la ng'ombe. Kisha Ufaransa ikaanguka, Wajerumani wakaja mpaka bondeni kwetu, na umeme ambao haujazaliwa ukapata mwenyewe mpya. Kila mtu alijua wanautakia nini: viwanda vya alumini, na alumini ni ndege, na ndege ni mabomu. Kila mwezi mkaguzi wao alikuja na koti refu la ngozi. Wahandisi wetu walimvulia kofia, wakamfungulia ramani, wakammiminia konyaki. Léonce aliyaona hayo kutoka juu, penye mashine ya zege, ambako kazi yake ilikuwa kulisha pipa: saruji, mchanga, kokoto, maji. Pipa likishazunguka vya kutosha alifungua mlango, zege likaingia kwenye ndoo kubwa ya chuma, na ndoo ikasafiri angani kwa waya mpaka kwenye kipande kilichokuwa kikijengwa. Aliyehesabu ndoo alichora mstari wa chaki kwa kila moja na kuandika imemwagwa kona ipi.

Maana ukuta wa tao haumwagwi kwa mkupuo. Hujengwa kwa vipande vilivyosimama bega kwa bega kama watu kwenye foleni, kila kipande kikipanda tabaka kwa tabaka, mita moja na nusu kila mara. Tabaka likishika, utando wake mweupe unasuguliwa kwa brashi za waya na kuoshwa, na baada ya siku tano linamwagwa jingine juu yake. Kuanzia hapo lililo ndani limezikwa. Hakuna jicho litakaloliona tena.

Léonce alikuwa amevumilia miaka mitatu. Jioni alikaa jikoni kwake akimfikiria mwanawe nyuma ya nyaya za miba, na asubuhi akapanda kwenda kumjengea aliyemfunga. Aliwatazama wenzake. Walipiga miluzi, wakapiga soga, wakashuka bila haraka. Hakuna aliyemwambia kitu. Wakimwona anakaribia, soga ilihamia kwenye hali ya hewa. Alidhani wamekubali. Alidhani katika watu mia saba yeye peke yake ndiye mwenye aibu.

Kuna jambo ambalo kila mtu wa zege anajua: zege halipatani na sukari. Léonce alilijua tangu ujana wake, fundi mmoja Mwitaliano alipompiga kofi kibarua aliyechotea maji kwenye ndoo iliyokuwa na jamu. Konzi chache tu za sukari na pipa zima linabaki uji, wiki baada ya wiki.

Jumapili wenzake wa nyumbani walipokuwa misani aliyeyusha kilo mbili na nusu kwenye maji ya moto, akajaza chupa zake mbili za mvinyo. Jumatatu, kipande cha saba, ndoo ya thelathini na moja, alizimimina pipani. Hakuna aliyeona. Zege likazunguka, likatoka, likapaa, likashuka kwenye kona ya juu ya mto, na ndoo ya thelathini na mbili ikalifunika.

Kwa siku moja, tuseme ukweli, Léonce Vergnolle alitembea kama mwanamume. Siku ya pili mkewe akapanda kigoda.

*

Alhamisi Philomène aliamua kupekua chumba cha juu, na hakutaka kusemwa kwamba alipekua peke yake. Alimwita jirani, Bi Chabrat, mke wa muuza siagi, awe shahidi. Bi Chabrat alikuja na aproni yake safi.

Wakamwaga furushi la Encarna juu ya kitanda. Soksi jozi mbili, zenye viraka. Kitana. Picha ya mzee aliyesimama kando ya punda. Nguo za ndani, ambazo Philomène alizitenganisha moja moja kwa ncha za vidole, akizikung'uta. Kipande cha sabuni.

"Sabuni hii ya nani?"

"Ya kazi, bibi. Wananipa bwawani."

"Kila kitu chake anapewa," alisema Bi Chabrat. "Watu wenye bahati."

"Vua viatu."

Encarna alivua. Philomène akavigeuza, akavigonga sakafuni. Ilitoka nyasi iliyolowa.

Léonce alikuwa mlangoni. Alikuja kwa sababu aliitwa, akasimama kwa sababu hakujua pa kwenda. Mikono yake ilikuwa mikubwa, imepasuka kwa saruji, akaitia mifukoni. Encarna alikusanya nguo zake bila kumtazama mtu.

"Hakuna kitu," alisema Léonce.

"Ameshaiuza. Unadhani ataiweka chini ya mto aiangalie? Kilo moja sokoni kwa magendo ni mshahara wa siku mbili!" Philomène hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa mama mwenye kifurushi kisicho na sukari, na hapakuwa na Mjerumani karibu wa kumvua viatu. "Nimetoka kwa karani wa meya. Nimemwambia siwezi kuendelea kumtilia saini mwizi. Jumatatu askari atakuja kumchukua."

Kila mkimbizi alitakiwa kuwa na karatasi ya makazi yenye saini ya mwenye nyumba. Bila saini alirudishwa kwenye kambi ya wakimbizi. Encarna aliijua kambi hiyo. Ilikuwa kusini, ufukweni, nyaya na mchanga. Aliingia humo na mtoto wa miezi minane, akatoka bila mtoto.

"Jumatatu," alirudia, kama mtu anayejifunza neno.

"Philomène," alisema Léonce. "Labda tungoje kidogo."

"Tungoje nini? Aibe na viazi?"

Léonce alifungua kinywa. Bi Chabrat alikuwa akimtazama kwa macho yanayong'aa. Bwana Chabrat aliwauzia Wajerumani siagi kila Jumatano. Neno moja tu likisikika mle chumbani na Léonce angesimamishwa ukutani, afungwe kitambaa machoni. Hilo lilikuwa kweli. Ilikuwa kweli pia kwamba baada ya Bi Chabrat kwenda zake, Léonce alikaa na mkewe peke yao saa tatu nzima, akasaga shayiri, akachanja kuni, na bado hakusema.

Jioni hiyo Encarna alikula chakula chake ngazini, bakuli magotini.

"Kwa nini yule binti anakula kama paka?" Mélanie akauliza. Hakuna aliyemjibu, akadhani ni sikio lake.

*

Ijumaa lori la kamati lilipita asubuhi, likachukua kifurushi cha Aubin bila sukari. Adhuhuri Encarna alimngojea Léonce penye kufulia nguo pa kijiji, kile kibanda cha mawe penye maji ya mto, mahali ambapo lazima apite akienda zamu. Wanawake wengine walikuwa wameenda kula. Alikuwa akipiga suruali kwa ubao.

"Bwana Léonce. Simama."

Akasimama.

"Jumapili nilirudi kuchukua mtandio wangu. Ulikuwa jikoni. Nilikuona unakoroga. Niliona chupa."

"Basi kwa nini hukusema? Jumanne yote ile! Ungesema!"

"Nilidhani ni amri."

"Amri ya nani?"

Encarna aliacha kupiga nguo. Alimkagua uso kuona kama anatania. "Mungu wangu. Kumbe hujui."

"Sijui nini?"

"Mimi nilidhani wamekutuma. Nikasema, Encarna, funga mdomo, huyu baba ana kazi ya watu. Wakanivua viatu, nikafunga mdomo. Jana jioni nilikwenda kambini, nikamwita Fermín kwenye ua, nikamuuliza: hiyo sukari mliagiza ninyi? Akawa mweupe kama shuka hili. Akasema hapana. Akasema amri ni polepole, lakini sawasawa. Polepole, lakini sawasawa! Kila mtu pale anaijua."

"Fermín anaijua?"

"Fermín, ndugu zake wa kikosi, wahandisi wenyewe. Mpaka mpishi."

Maji yalipita chini ya ubao. Léonce alitaka kukaa lakini mawe yote yalikuwa yamelowa.

"Fermín hakusema jina lako," alisema Encarna. "Nilimwapisha. Kesho saa moja asubuhi wanamwaga tabaka jingine juu ya kipande cha saba. Nenda kwa nyapara mwambie. Mimi siendi. Nimeshakubebea siku nne, na mkono wangu umechoka."

"Watanifanya nini?"

"Sijui." Akachukua tena suruali. "Mimi Jumatatu najua watanifanya nini."

*

Nyapara wa zege aliitwa Gaspard Jaloustre. Alikuwa mfupi, mwenye masharubu ya kijivu, na mgongo wake ulikuwa umepinda kidogo kushoto tangu alipoangukiwa na boriti. Alikuwa kwenye kibanda cha zana akinoa tindo. Léonce aliingia, akavua kofia, akasema yote kwa mara moja, kama mtu anayetapika.

Jaloustre hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Ndoo ya ngapi?"

"Thelathini na moja."

"Kona ya juu, upande wa maji." Alifungua daftari la umwagaji, akaweka kidole. "Mita moja na nusu ya ujazo ya uji, ndani ya kipande cha saba. Na kesho ningeweka tani mia nne juu yake, nikaenda kula chakula cha mchana." Akafunga daftari. "Nyumba yako iko wapi, baba Vergnolle? Juu ya ukuta au chini?"

"Chini."

"Ya mama yako?"

"Anakaa kwangu."

"Chini, basi. Umefanya kazi hapa miaka minane, nikueleze kama kibarua wa jana? Bwawa la uzito husimama kwa unene. Hili letu jembamba, kwa sababu saruji ya kulinenepesha hatuna, vita imeila. Limepinda kifua kuelekea maji. Maji yakisukuma, linajikaza kwenye majabali mawili. Hakuna kipande kinachosimama chenyewe, kila kimoja kinampa jirani mzigo. Wewe umeweka mmoja asiyepokea. Jirani zake wabebe mara mbili. Labda wangebeba. Labda miaka kumi. Wajerumani wataondoka, baba Vergnolle, mwaka huu au ujao. Wangekuwa wapi siku ukuta unafunguka? Kwao, wanakunywa bia. Na sisi?"

"Nilidhani mnawajengea."

"Ulidhani tumelala." Jaloustre alicheka bila furaha. "Boliti za milango ya maji zilikuja zisizoingia. Unadhani nani aliandika vipimo? Ramani za mfereji zimechorwa upya mara nne. Mara nne! Yule mwenye koti la ngozi ametia saini zote, anaona fahari. Hatapata umeme wa kuwashia hata balbu ya chooni. Lakini kila kilichomwagwa kimemwagwa kama cha mama yangu mzazi. Kwa sababu siku moja kitakuwa chetu."

"Hakuna aliyeniambia."

"Hapana. Hatukukuambia."

"Wahispania wameambiwa. Mpishi ameambiwa."

"Ndiyo."

Léonce alikuwa akikunja kofia mpaka imekuwa kama tambara. Alijua. Aliuliza hata hivyo, kwa sababu mtu aliyevuliwa nusu nguo anaona heri amalize. "Kwa nini?"

"Novemba, thelathini na nane," alisema Jaloustre. "Tuligoma siku tatu. Siku ya pili, saa moja asubuhi, tumesimama getini na mvua inanyesha, nani alipita katikati yetu na kopo lake la chakula?"

"Aubin alikuwa mgonjwa. Mapafu. Daktari alitaka..."

"Wote tulikuwa na watoto. Walifukuza thelathini na wawili. Mimi nilikaa miezi kumi na moja nikichuna magome ya miti. Sikukuchukia, usidhani. Nilikuweka tu mahali pako kichwani." Akasimama, akampa tindo aliyokuwa akiinoa. "Kesho saa kumi na mbili. Utaitoa mwenyewe."

*

Jumamosi mashine ya zege haikuzunguka. Wanaume arobaini walisimama ukingoni mwa kipande cha saba, mikono mifukoni, wakimtazama Léonce akiwa amepiga magoti kwenye kona ya juu. Hawakuweza kutumia nyundo ya upepo, ingetikisa zege zuri la pembeni. Alipasua tabaka la juu kwa tindo na nyundo, kipande kwa kipande, na sentimita arobaini chini akafika. Tindo ilizama bila mlio. Akaingiza mkono. Lilikuwa kijivu, baridi, laini. Akalichota kwa kijiko kikubwa cha jikoni ambacho mtu mmoja alimtupia.

"Onja, baba Vergnolle," mmoja akapaza sauti. "Utuambie kama imekolea."

"Mwacheni, anatuandalia kitindamlo."

"Mwenzenu kaona tunaenda kasi mno, akaamua atusaidie."

Kicheko kilipita ukingoni. Fermín, mume wa Encarna, alikuwa miongoni mwao. Kutoka kwenye shimo Léonce aliona viatu vyake kwanza, kisha uso. Fermín hakucheka. Alishuka, akashika ndoo ya pili, akaanza kuchota. Hakusema hata neno moja, na Léonce angetoa chochote atukanwe.

Adhuhuri mkaguzi wa Kijerumani akaonyeshwa shimo. Mhandisi mkuu alieleza, kwa huzuni kubwa, kwamba baridi ya usiku imeharibu zege, kwamba lazima lioshwe, lipimwe, lijazwe kwa mkono, na kwamba ratiba itarudi nyuma siku tisa. Mkaguzi aliandika: baridi, siku tisa. Jaloustre alimtazama Léonce juu ya bega la koti la ngozi. Siku tisa zilikuwa nyingi kuliko walizoiba kwa boliti mwezi mzima. Hakumpongeza.

*

"Mimi nimemkung'utia nguo zake za ndani," alisema Philomène. "Mbele ya Bi Chabrat."

Ilikuwa Jumamosi, saa tisa mchana. Léonce alikuwa amemwambia yote, wamesimama zizini kwa sababu huko ng'ombe tu ndiye angesikia. Alidhani mkewe angempiga. Philomène alishika kiuno cha ng'ombe.

"Nimemwita mwizi siku tano. Alikuwa anajua?"

"Tangu Jumapili."

"Na wewe ulikaa mezani pangu ukifuta bakuli." Alifikiria hilo. "Sitaki kukusikia. Nakwenda kwa karani, namwambia nilikosea."

"Atauliza sukari iko wapi."

"Nitasema nimeipata."

"Kifurushi kilipimwa kwenye lori, Philomène. Bi Chabrat alikuwepo. Yule karani kaka yake ni mwanamgambo, anawatumikia Wajerumani. Ukisema umekosea atataka kujua kwa nini unamkinga Mhispania. Watakuja kuuliza, na sukari iliyopotea kwenye nyumba ya mtu wa zege... yupo hata huko anayejua sukari inafanya nini."

"Basi nani aliichukua?" Philomène alipiga kelele, kisha akaziba mdomo wake.

"Mimi," alisema Léonce. "Niliiuza, nikanywa."

Mkewe alimtazama. Angeweza kusema hapana, tutafute njia nyingine. Ng'ombe alihamisha mguu.

"Usivae koti la harusi," alisema mwishowe. "Hawatakuamini."

*

Jumatatu ilikuwa siku ya kugawa kadi za mgao, na foleni kwenye ofisi ya meya ilifika mlangoni. Encarna alikuwa amekalishwa benchi la ukutani, furushi miguuni, askari mmoja kando yake akikata kucha kwa kisu. Léonce alipita mbele ya watu wote. Karani alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kamba.

"Nimekuja kurudisha saini yangu," alisema. "Yule mama hakuiba. Niliichukua mimi."

"Uliichukua sukari yako mwenyewe?"

"Ya mwanangu. Ya kifurushi."

"Ukaipeleka wapi?"

"Niliiuza."

"Kwa nani?"

"Mpita njia. Simjui. Hela nikanywa."

Karani alichovya kalamu. "Ninaandika. Sema kwa sauti, hawa ni mashahidi."

"Niliiuza sukari ya mwanangu, mateka wa vita," alisema Léonce, "nikainywa."

"Yote?"

"Yote."

"Na mimi nilidhani anayumba kwa uchovu!" alisema Bi Chabrat. Watu wakacheka, na kicheko kilipokwisha mtu mmoja alitema mate, karibu na kiatu chake, si juu yake.

Bonde letu lina kumbukumbu, lakini huchagua cha kukumbuka. Mpaka anazikwa, miaka kumi na minne baadaye, Léonce aliitwa Mnywa-sukari. Vita vilipokwisha wangeweza kusema ukweli, Jaloustre na wenzake. Waliona mambo yenyewe ni marefu kuyaeleza, na medali zilikuwa zimeshahesabiwa. Bwana Chabrat, mwenye siagi, alikuwa diwani mara mbili.

Karani alifuta, akaandika, akagonga muhuri. Alimnyima Léonce mgao wa sukari wa miezi mitatu, kisha akasukuma karatasi ya makazi ukingoni mwa meza bila kusema ni ya nani. Encarna aliinuka, akaichukua, akaisoma yote herufi kwa herufi, akaikunja mara nne, akaitia kifuani. Askari alimwondolea mguu apite.

Léonce alitoka nyuma yake. Barabara ilikuwa moja na nyumba ilikuwa moja, hakuwa na njia nyingine ya kwenda. Encarna alitembea katikati ya barabara, kichwa wazi, viatu vyake vya mbao vikigonga mawe. Léonce alibaki hatua kumi nyuma. Furushi lilikuwa zito, alikuwa ametia humo kila alichonacho, hata chungu chake. Léonce alijua kwamba mtu mwingine yeyote angemwendea na kulipokea. Alitengeneza maneno. Aliyatengeneza tena.

Penye daraja Encarna alisimama. Léonce naye akasimama, akavua kofia.

Encarna alihamisha furushi kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia, akaendelea.